Ngiri wa Idi Pili

Mwaka ule niliuza gora zima la kitambaa cha mananasi, na hilo ndilo lililoniponza. Kilikuwa cha kijani, mananasi ya njano makubwa kama ngumi, na nilikipata kwa bei ambayo hata leo siitaji mbele ya wenzangu. Nilikata kwanza magauni manne na mitandio yake kwa ajili ya nyumbani kwangu, ndipo nikakiweka mezani sokoni. Kufika siku ya mwisho ya mfungo hakikubaki hata kipande cha kufutia vumbi. Kwetu Lindi watoto wa nyumba moja huvaa sare siku ya Idi, ili hata mtoto akipita kwa mbali watu wajue ni wa nani. Mimi nilikuwa nimewavisha watoto wa nusu ya soko sare ya nyumbani kwangu. Sikuliwaza hilo. Nilikuwa nawaza faida.

Magauni yalikuwa manne kwa sababu mabinti zangu ni watatu, na wa nne alikuwa wa marehemu mdogo wangu. Alikuwa na miaka sita. Tangu mama yake afariki aliishi Nyangamara kwa mama yangu, na kazi yake huko ilikuwa kukaa juu ya dungu shambani na kopo la mawe, kufukuza nyani wasimalize mahindi. Lakini shule ilikuwa mbali na magoti ya mama yalikuwa yamechoka, basi katikati ya mfungo tukakubaliana aje kwangu Mitwero. Mama ndiye aliyenifundisha kupatana bei, na makubaliano yake hayakosi sharti.

"Idi pili jioni nitapiga simu," aliniambia. "Nitamuuliza mwenyewe. Akisema anarudi, kesho yake nakuja kumchukua, na wewe usinijie na maneno yako ya sokoni."

Nilitaka abaki. Nilimtaka mno, na mtu anayeonyesha kutaka namna ile huwa ameshashindwa kabla hajafungua mdomo.

Mtoto hakuwa mkaidi. Alikula, alifagia uwanja bila kuambiwa, alimwamkia shikamoo kila aliyepita, hata kijana wa bodaboda wa jirani, ambaye aliitikia marahaba kwa furaha kubwa na siku ya pili akapita tena makusudi. Lakini nguo zake zilibaki ndani ya rambo karibu na mlango, na mimi hakuniita kitu. Si mama mkubwa, si mama, si wewe. Akitaka maji alikuja akasimama mbele yangu mpaka nimwone.

Basi Idi pili, baada ya chakula cha mchana, nikawapeleka wote wanne kwenye bustani ya wanyama ya watoto iliyofunguliwa nje kidogo ya mji. Nisikudanganye: mnyama wa kupumua alikuwa kobe mmoja tu, na yeye alikuwa ameingiza kichwa ndani tangu Idi mosi. Waliobaki ni wa saruji, bati na rangi ya mafuta. Kulikuwa na simba mwenye sura ya mjumbe aliyeamshwa usingizini, na tembo ambaye mkonga wake ni mtelezo. Langoni alisimama twiga, na mtoto asiyefika goti la twiga anaingia bure.

"Huyu wa tatu hafiki," nikasema.

"Mama, mwambie anyooshe miguu," bawabu akasema.

"Ndivyo alivyozaliwa."

"Amekuja anakimbia, nimemwona." Bawabu alicheka, binti yangu akacheka, miguu ikanyooka yenyewe. Nikalipa. Nikawahesabu wakiingia: wanne. Nikarudia: wanne. Kwenye umati siamini hesabu ya kwanza, hata ikiwa yangu.

Hatua ishirini ndani, karibu na choo, alikuwepo nyani wa saruji amekaa na gunzi la hindi mkononi. Fundi wake alijua kazi, lile gunzi hasa lilikuwa zuri. Mtoto wa Nyangamara akasimama. Akainama polepole, akaokota jiwe, na kabla sijafungua mdomo lilikuwa limetua katikati ya paji la uso wa nyani. Rangi ikabanduka. Watu wakageuka.

"We mama! Mtoto wako anavunja wanyama!" bawabu akapiga kelele.

"Mlivyomweka na hindi mkononi mlitegemea nini?" nikamjibu. "Huyu ni mlinzi wa shamba. Yuko kazini."

Mabinti zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Alimtazama nyani, akaona haondoki, akaokota jiwe la pili. Nilimshika mkono, nikamweleza kwamba huyu ni wa saruji, hali mahindi. Akafungua kiganja, jiwe likaanguka. Ila mkono wake aliuacha mkononi mwangu hatua nne au tano kabla ya kuuchomoa. Nilizihesabu hatua zile.

Kilichowavuta wote ni bembea ya kuzunguka, ile ya wanyama wa bati wanaozungushwa na injini ndogo yenye moshi. Punda milia, swala, mbuni, chui, wote walikuwa na watu. Aliyekuwa mtupu ni ngiri. Meno yake yalipakwa rangi vizuri na mgongo wake ulikuwa mpana kuliko wote, lakini siku ya Idi, na watoto wote wamevaa nguo mpya na kofia, ngiri hana abiria. Mtoto wa marehemu akaenda moja kwa moja akampanda.

Binti yangu wa pili akanivuta nguo. "Mama, si nguruwe yule?"

"Binamu yake."

"Si haramu?"

"Haramu kumla. Wewe umemwona mtu anamla?"

Bembea ilikuwa bado haijaanza pale binti yangu mkubwa alipokuja mbio kutoka kwa tembo. Yule wa tatu amekwama kwenye mkonga, gauni limenasa kwenye msumari, anapiga mayowe. Nikamsogelea mtoto juu ya ngiri, nikamwambia maneno haya, nayakumbuka yote: "Shika hapa kwa mikono miwili. Usishuke mpaka nije nikushushe mwenyewe." Akakumbatia shingo ya bati. Nikaenda na mabinti wawili kumnasua wa tatu.

Msumari ule ulinila muda. Nyuma yetu foleni ya watoto ilikuwa inaimba kututukana. Nilipomtoa, gauni limepasuka kiasi cha nanasi moja, tukasogea kwa muuza koni, na hapo nikageuka nikahesabu. Migongo minne ya mananasi, mitandio minne. Nikarudia: minne. Moyo ukatulia, nikadhani bembea imekwisha na yule wa ngiri ametufuata. Nikaagiza koni nne na kuanza kuzigawa.

Ya nne ilipokewa kwa mikono miwili na sauti nzuri: "Ahsante, mama wa vitambaa."

Nikainama nikamtazama. Alikuwa mtoto wa mteja wangu, mwanamke aliyenunua mita tatu na kunilalamikia bei. Mwenyewe alikuwa hatua chache nyuma yake, anacheka. "Shoga, umemnunulia na wangu? Leo jua limetoka wapi?"

Mimi nilikuwa nimehesabu magauni. Watoto sikuwahesabu.

Sasa kila nilipotupa macho niliona mananasi. Mananasi juu ya twiga, mananasi chini ya simba, mananasi yanalia, yanakula ubuyu. Nilivuta mtandio wa mtoto mmoja, akageuka, si yeye. Nikavuta wa pili, mama yake akaniuliza nina nini. Mabinti niliwakabidhi kwa mteja wangu, mimi nikakimbilia langoni, maana kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwangu: barabara. Wiki nzima ile alikuwa akikaa kizingitini, uso kwenye njia ya magari.

"Umeona mtoto ametoka peke yake? Wa miaka sita, gauni la mananasi?"

Bawabu akaangalia uwanja mzima. "Mama, la mananasi?"

"Yule aliyempiga nyani!"

"Aaa, mlinzi! Huyo hajatoka. Huyo ningemkumbuka."

Nikarudi ndani, na sasa nilipiga kelele jina lake mbele za watu, mimi ambaye sokoni sipandishi sauti hata nikiibiwa. Nilipofika kwenye bembea ilikuwa inazunguka. Punda milia akapita na mvulana wa kanzu. Mbuni akapita, chui akapita. Kisha akaja ngiri, na juu yake mtoto wangu, amekumbatia shingo ya bati kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba, uso umepauka kama mkate mbichi.

"Simamisha!"

Kijana wa injini akasimamisha. "Ni wako? Afadhali. Ameshazunguka mara nane. Kila nikimwambia ashuke anasema ameambiwa asishuke."

"Kwa nini hukumshusha?"

"Ningemshusha kama kuna anayemtaka ngiri. Hakuna. Nikamuuliza, aliyekwambia nani? Akasema, yule anayetuhesabu."

Nilipanda juu ya lile bati. Mtoto akafumbua macho, akanitazama kwa muda, kama mtu anayehakikisha noti kwenye mwanga.

"Ulisema unakuja," akasema.

"Nimekuja."

"Umechelewa."

"Nimechelewa. Nilikosea."

Akaachia shingo ya ngiri mkono mmoja, kisha wa pili, akanishika mimi. Halafu akatapika, pilau yote, kwenye dera langu jipya. Kijana wa injini alitaka malipo ya mizunguko minane. Nilimshusha mpaka minne, machozi yananitoka, mtoto begani, na nakuambia ilikuwa bei ya haki, maana saba kati ya ile minane hakuifurahia.

Tulirudi nyumbani mapema. Nilimwogesha, nikamkalisha kwenye mkeka na chai ya tangawizi. Jua lilikuwa bado lipo simu ilipoita. Mama yangu hakuniuliza hali. "Mpe mwenyewe," akasema, "na uweke sauti ya wote nisikie kama unamnong'oneza."

Nikaweka simu katikati ya mkeka. Nilikuwa na maneno mengi tayari kinywani, ya shule, ya wenzake, ya kitanda nilichokwisha kukiagiza. Nilikaa nayo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Umekula Idi?"

"Nimekula. Nimetapika."

"Alhamdulillahi. Sasa sikiliza. Kesho nije?"

Mtoto alifikiri. Mabinti zangu watatu waliacha kutafuna. Mimi nilitazama ukuta.

"Njoo," akasema.

Nikanyoosha mkono kuichukua simu, ili angalau niseme ahsante kwa wiki mbili. Akanizuia, akaivutia kwake.

"Njoo na kuku wangu," akasema. "Yule mwenye kishungi. Na vifaranga vyake vyote, usimpe mtu. Huku hakuna nyani, atalala vizuri."

Nilimsikia mama akivuta pumzi, kisha akipenga, kisha sauti yake ya kupatana ikarudi, kavu kama kawaida.

"Muulize huyo mama yako mkubwa kama banda analo."

Mtoto akanigeukia. "Tuna banda?"

"Tunalo," nikasema, na nikamwashiria binti yangu mkubwa avae ndala akimbie kwa fundi seremala kabla hajafunga.