Mikono Mbali na Usukani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba usukani mzito ni ugonjwa wa usukani. Nilijifunza ufundi peke yangu, kwenye video za simu, na mtu aliyejifunza peke yake hana mwalimu wa kumwambia kwamba ni mjinga. Inabidi asubiri familia.

Gari lilikuwa la mjomba wangu, manseba kama tunavyosema hapa Kamina, aliyefanya kazi ya reli mpaka mgongo ukamkatalia. Lilikuwa gari dogo lililotumika Japani, usukani upande wa kulia, na Jumamosi lilipaswa kumpeleka binti yake kanisani kuolewa. Wiki hiyo taa ya usukani iliwaka, na kwenye kila kona mjomba alivuta kama mtu anayebadilisha njia ya treni kwa mkono.

"Miaka yote ya treni sikushika volani," alisema, akiupiga usukani kofi. "Na nilikuwa nafika."

Majirani walikuja na dawa, na dawa yao wote ilikuwa moja: mafuta. Fundi mmoja wa malori aliizunguka injini akitafuta chupa ya mafuta ya usukani, akakasirika kama mgeni aliyenyimwa kiti.

"Huile iko wapi?"

"Haina, papa. Hii iko ya umeme."

"Basi njo ugonjwa yake." Yaani huo ndio ugonjwa wenyewe.

Nilicheka, nikamweleza bila kuombwa. Ndani ya mhimili wa usukani kuna kijiti cha chuma kinachojipinda kidogo dereva anapozungusha. Sensa hupima kujipinda huko. Kompyuta ndogo hutazama pia mwendo wa gari, kisha huiamuru mota ya umeme isaidie: nguvu nyingi unapoegesha, kidogo unapokimbia, ili gari lisihame njia kwa sababu umepiga chafya. Kompyuta ikikosa imani na chochote, huzima msaada na kuwasha taa, na kazi yote inabaki kwa mikono yako. Nilieleza vizuri sana. Nilipofika kwenye mota, fundi alikuwa ameshaondoka.

Basi niliufungua mhimili wote. Nilisafisha kila plagi kwa mswaki mpya. Nilipanga skrubu kwenye kitambaa kwa ukubwa wake, nikazipanga upya kwa sababu mbili zilikuwa zimelala vibaya. Kitu kikikaa upande, lazima nikinyooshe. Niko hivyo tangu utoto. Nilirudisha kila kitu mahali pake. Taa iliwaka vilevile, ila safi zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimefuta kioo chake.

Na kila asubuhi, naomba mzingatie hili, tulilisukuma gari hilo ndipo liwake. Mimi mwenyewe nilisukuma, bega kwenye buti, nikiwaza sensa.

Alhamisi jioni mke wa mjomba, anayeongoza kwaya, alikuja na spana mkononi, akafungua boneti, akaanza kung'oa betri.

"Mama, unafanya nini?"

"Napeleka batri ku répétition. Bila batri, baffle haiimbe." Baffle ni spika yao ya mazoezi.

"Tangu lini?"

"Tangu tulianza nyimbo za mariage. Kila mangaribi nabeba, asubuhi naregesha."

"Mbona haukuniambia?"

"Haukuuliza. Weye njo unajuaka yote."

Mota ya usukani hunywa umeme mwingi kwa mkupuo mmoja. Betri iliyokwisha kumaliza nguvu zake kwenye haleluya haiwezi kuutoa; umeme unashuka, na kompyuta inazima msaada. Kwaya ya arusi ilikuwa inalila gari la arusi, na mimi nilikuwa nimefungua sehemu pekee iliyokuwa nzima.

Tuliazima betri nzuri kwa jirani. Gari liliwaka bila kusukumwa. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimeichomoa sensa, kompyuta ilihitaji kujifunza upya sifuri yake, yaani hali ya usukani usioguswa na mtu. Niliunganisha kifaa cha kusomea kompyuta za magari, nilichoazima pia, nikabonyeza. Hapohapo nikaona vumbi kwenye usukani. Nikalifuta. Kompyuta ikapima mkono wangu na kitambaa changu, ikaamini kwamba huko ndiko kupumzika. Nilipowasha injini na kuuachia usukani, ulizunguka wenyewe kwenda kushoto.

Mjomba alitazama mpaka ukasimama.

"Motoka sasa iko na kichwa yake. Mutoto yangu akienda ku misa na kinga, robe yote pa pédale, weye njo utamusukuma." Kinga kwetu ni baiskeli, na robe ni gauni la arusi.

Sikula jioni hiyo. Ijumaa asubuhi nilirudia, na kazi yote ilikuwa kutofanya kitu. Nilikaa kwenye kiti, mikono chini ya mapaja. Katikati ya usukani kulikuwa na alama ya kidole gumba, ya mafuta, imekaa upande. Niliitazama. Iliniwasha kama upele. Sikuigusa. Taa ikazimika, na usukani ukatulia pale nilipouacha.

Jumamosi bibi arusi alifika kanisani kwa gari, mjomba akikata kona kwa vidole viwili ili majirani wote waone. Kwaya iliimba bila baffle, maana betri ya zamani haikushika tena chaji na ya jirani ilibaki chini ya boneti, na mke wa mjomba hakunisalimia siku nzima. Tangu hapo napima betri kwanza. Nauliza nani analitumia gari hata likiwa limesimama. Na kompyuta inapojifunza sifuri, siushiki usukani, hata uwe mchafu vipi.