Kisichong'aa Hakina Bei

Ngigi aliuza viatu vya mitumba katika soko la Makongeni, Thika, kwa miaka mingi kuliko anavyopenda kukumbushwa. Kazi yake, tusimnyime haki, aliijua. Alichukua kiatu kilichochoshwa na miguu ya mtu asiyejulikana huko ng'ambo, akakisugua, akakibandika soli, akakipaka rangi, hata mwenyewe wa kwanza angekiona angekiamkia kama mgeni. "Kisichong'aa hakina bei," alikuwa akisema, na Mutisya, muuza mikanda wa meza ya jirani, aliukariri msemo huo kama sala.

Basi siku moja utaalamu mwingine ukamshukia Ngigi kupitia simu. Kulikuwa na video ya bwana mmoja mwenye suti aliyesema kwamba sarafu za zamani zinauzwa mamilioni. Bwana huyo hakueleza kwa nini yeye mwenye siri ya mamilioni alikuwa bado anawabembeleza watu wajiunge na chaneli yake. Ngigi naye hakuuliza. Alikuwa amekumbuka mkebe wa sarafu alioachiwa na marehemu babake.

Namna ya kupima uadimu wa sarafu aliibuni mwenyewe, asubuhi moja, kabla chai haijapoa. Kwanza, iwe imemzidi yeye umri. Pili, iwe na kichwa cha mfalme, maana mfalme hawezi kukaa kwenye kitu cha bure. Tatu, na hiki ndicho kilichokuwa kipimo kikuu, aonyeshwe mtu mtaani, na asipoitambua, basi ni adimu. Alimwonyesha muuza unga, akatikisa kichwa. Alimwonyesha fundi wa baiskeli, akaguna. Kwa kipimo hicho karibu kila kitu duniani ni adimu, kwa kuwa muuza unga anajua unga.

Mkewe, Wangeci, alimsikiliza huku akichambua maharagwe.

"Baba Wanja, kama ni chache hivyo, mbona kwetu kila cucu, kila nyanya mzee, alikuwa nazo kwa mkebe?"

"Wewe hujui soko ya kimataifa."

Swali la Wangeci lilikuwa limebeba somo zima, lakini lilitoka jikoni, kwa hiyo halikuhesabika. Ngigi alitoka nje na beseni, jivu, ndimu na waya wa kusugulia sufuria. Alizisugua zile sarafu moja moja kwa mapenzi, kama alivyosugua viatu vya harusi, mpaka simba aliyekuwa mgongoni mwa shilingi akapoteza manyoya, na mfalme wa upande wa pili akabaki bila pua. Lakini ziling'aa! Makongeni nzima ilikubali kwamba ziling'aa.

Kama angeishia hapo, tungecheka tukaenda zetu. Ila mtu akishaanza kuwa tajiri kichwani, ni vigumu kumzuia. Meza yake ilikuwa kwenye kona, karibu na lango, mahali ambapo kila anayeingia sokoni lazima apite. Ndiyo iliyolea watoto, ndiyo iliyojenga nyumba. Na sheria ya soko lile haikuandikwa popote lakini kila mtu aliifuata: ukimpa mtu meza mbele ya wenzako, umempa. Ngigi aliwaita wenzake, akakohoa, akatoa hotuba. Alisema kwamba kila kitu kina wakati wake, na kwamba wakati wake wa kuinamia miguu ya watu umekwisha. Akamkabidhi Mutisya meza, brashi, na mkebe wa rangi ya viatu pamoja na senti kumi yenye tundu iliyoning'inia kwenye kamba ya mkebe ule, ya kufungulia kifuniko.

"Ungengoja uuze kwanza, ndio utoke," Wangeci alimwambia jioni hiyo. Hakupaza sauti. Alikuwa na hofu, nayo ilionekana wazi usoni. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na chaneli.

Kesho yake Ngigi alishukia Ruiru akiwa amevaa koti. Aliambiwa huko kuna mama mmoja, Zubeida, mwenye duka la vitambaa, ambaye wakusanyaji wa sarafu humwamini kuliko wanavyoaminiana. Zubeida alimkaribisha kiti, akatandika kitambaa cheusi juu ya meza, na Ngigi akamwaga utajiri wake.

Mama yule alichukua moja, akaigeuza. Akachukua nyingine. Kisha akavua miwani.

"Ni nani ameziosha?"

"Ni mimi!" Ngigi alisema, kifua mbele.

"Pole, ndugu yangu."

Ngigi alidhani anapewa pole ya kazi nzito. "Asante. Ilikuwa job, lakini si unaona vile zimetoka?"

"Naona." Zubeida alimmiminia chai, kama watu wanavyofanya kabla ya kutoa habari za msiba. "Sikiza. Uzee si uadimu. Mawe ya mto Chania ni mazee kushinda hizi zote, na hakuna mtu ananunua. Hizi za simba zilitengenezwa nyingi sana, na watu waliziweka, hawakuzitupa. Mimi nauliza zimebaki ngapi, na ni nani anazitafuta. Halafu naangalia ngozi yake. Sarafu ina ngozi. Ukiitoa kwa waya, hairudi, hata ulie."

"Kwa hivyo ni za pesa ngapi?"

"Mjukuu atachezea."

Ngigi alikunywa chai ambayo hakuisikia ladha. Aliiona meza yake, ile kona, na Mutisya akiwa amesimama nyuma yake. Aibu ilimpanda kutoka miguuni.

Labda kwa huruma, Zubeida alifungua simu akamwonyesha picha. "Ningekuwa na bahati, mtu angeniletea hii. Tangu nianze nimeona mbili tu, na zote zilikuwa zimeharibiwa."

Ilikuwa senti kumi yenye tundu. Ngigi alisogeza uso mpaka karibu aguse kioo. Mwaka uliokuwa chini ya tundu ulikuwa mwaka aliozaliwa babake. Aliufahamu vizuri, kwa sababu kila asubuhi alipofungulia mkebe wa rangi alikuwa akitania, "Mzee, amka tufanye kazi."

"Na ikiwa nyeusi? Imejaa rangi ya viatu?"

Zubeida alivaa miwani tena haraka. "Afadhali hivyo! Hayo mafuta yameikinga. Usiiguse, usiipanguse hata na shati. Niletee na uchafu wake."

Ngigi alitoka dukani karibu asahau koti. Hapo nje akampigia Mutisya simu, na hapo nje ndipo alipofanya kosa lake la mwisho. Angeweza kusema ukweli. Lakini aliogopa Mutisya akijua thamani yake ataikatalia, na kwa haki, kwa kuwa sasa ilikuwa mali ya Mutisya. Kwa hiyo akajifanya haina maana.

"Mutisya, niaje. Hiyo kasenti ka kamba, kuna customer wa Ruiru amekapenda. Nakuja kukachukua."

"Customer? Sawa, mkubwa. Utakapata kakiwa tayari."

Ngigi aliingia sokoni akihema. Mutisya alikuwa amesimama kwenye ile kona akitabasamu kwa meno yote, na mikono yake ilikuwa na majivu hadi kwenye viwiko.

"Mkubwa, hiyo ilikuwa imeshika uchafu! Nimesugua tangu upige. Si wewe ulinifundisha hakuna kitu kinaenda kwa customer kikiwa kichafu?" Akafungua kiganja. "Angalia mng'ao huo."

Iling'aa. Ilikuwa laini kama kifungo kipya, na mwaka wa babake Ngigi ulikuwa umefutika kabisa.

Ngigi alitaka kumtukana, akatafuta tusi, akakuta kila neno alilolipata linamrudia yeye. Machozi yalimjia, na hakuyaficha vizuri.

"Nimefanya makosa?" Mutisya aliuliza, akiwa ameogopa.

"Hapana," Ngigi alisema. "Umefanya vile nilikufundisha."

Mteja alisimama mbele ya meza, akaokota kiatu kimoja cheusi, akauliza kama kinaweza kupakwa rangi kidogo. Mutisya alimgeukia Ngigi. "Huyo customer wa Ruiru akiichukua, mimi nitafungulia mkebe na nini?"

Ngigi aliifunga senti kwenye kamba yake. Akafungua mkebe nayo, akavua koti, na akamwomba Mutisya brashi.