Maji Yaliyomwagwa Kaburini

Kwetu mtu akifiwa na ndugu wa tumbo moja haonji chumvi mpaka shangazi mkubwa wa ukoo aamue imetosha, aikoroge kwenye maji na kuwalambisha wafiwa kwa kidole chake. Inaweza kuwa siku nne, inaweza kuwa saba, inategemea na moyo wa shangazi. Wetu moyo wake ni mawe ya Mwanza.

Nasema hivyo na bado nampenda, maana ndiye aliyenilea. Shule niliishia darasa la tatu, ng'ombe walinihitaji kuliko mwalimu. Lakini kuna neno moja la wasomi nalitamka vizuri kuliko jina la babu yangu: lithiamu. Ni dawa. Nimeimeza miaka mingi.

Nina kijiwe cha kutengeneza baiskeli pale Buzuruga, karibu na stendi. Mwaka niliougua, asubuhi moja nilizifungua baiskeli kumi na moja za wateja, nikachanganya vyuma vyote kwenye karai, nikawaambia nawaundia moja itakayokwenda Ukerewe juu ya maji. Niliamini, nisiwadanganye. Sikuwa nimelala siku tano na sikuchoka. Kisha nikaanguka upande wa pili: miezi miwili natazama ukuta, spoku mkononi, hata kuoga nimesahau kunaanzaje. Hospitalini wakasema ubongo wangu hisia zake zinapanda na kushuka kupita kiasi, ndipo nikapewa lithiamu. Daktari ni binti mdogo, ananiamkia shikamoo kwanza halafu ananigombeza. Alinionya: maji ninywe ya kutosha, chumvi nisiiache ghafla, na damu ipimwe mara kwa mara, maana dawa ile ikizidi kidogo tu inakuwa sumu.

Nilimsikia. Ila nilidhani anazungumzia siku za kawaida. Siku za msiba si za daktari, ni za ukoo.

Kaka yangu alifia kwake, upande wa Kisesa ukielekea Bujora. Kiharusi kilikuwa kimempiga miaka miwili nyuma, kikamwachia ulimi mzito na mguu wa kuburuta. Alikuwa akisema "maji" unasikia "maaazi". Tulimzika nyuma ya nyumba, tukakaa matanga. Wanaume uani chini ya turubai, wanawake nyuma huko jikoni, na mke wangu akiwa huko sikumwona siku nzima nzima. Ndiye peke yake aliyejua dawa yangu na maonyo ya daktari. Wengine niliwaambia ni vidonge vya presha, kwa aibu.

Tulikula ugali na dagaa bila chumvi. Jua lilikuwa kali, jasho lilinitoka kama naendesha baiskeli mlimani. Vidonge nikameza vilevile, asubuhi na jioni. Siku ya tatu nikaharisha, nikalaumu maji ya kisima. Siku ya nne mikono ikaanza kutetemeka, kikombe kikigonga meno. Kiu iliyonishika sijawahi kuiona, na kila nilipokunywa nilitapika.

Siku ya tano, mchana kweupe, binamu yetu alikuwa akifanya utani wake. Binamu kwetu ndiye mtani, na msibani kazi yake ni kumwiga marehemu mpaka wafiwa wacheke. Alivaa koti la kaka, akaburuta mguu, akavuta ulimi. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Mimi nikainuka nikojoe. Mguu wa kushoto haukunyanyuka. Nikauburuta. Nikataka kusema samahani nipisheni, na sauti iliyotoka mdomoni mwangu ilikuwa ya kaka.

Binamu alicheka kwanza. Akasema, "Mzee, kazi yangu hiyo, utaninyima pombe ya mtani." Kisha akaniangalia usoni, na kicheko kikamkauka. Akavua koti polepole, akanivisha mimi. Lilikuwa na joto la mwili wake, lakini lilinikaa mabegani kama limenizoea.

Hakuna aliyekimbia. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo, walivyotulia. Waliketi chini. Shangazi akaletwa, akanishika kidevu, akaniuliza taratibu kwa jina la kaka kama nimefika salama.

Wanasema nilijibu, "Bado. Nimesimama mlangoni."

Sikumbuki. Ninachokumbuka ni yeye kuniuliza nahitaji nini, na mimi kuvuta ulimi ule mzito kwa nguvu zangu zote: "Maji."

Shangazi akaagiza maji. Nikaona kata ikitoka kwenye mtungi, imejaa, inadondoka pembeni. Ikanipita. Wakaenda nayo nyuma ya nyumba, nikasikia ikimwagwa juu ya udongo wa kaburi. Nikasema tena, maji. Wakachota tena, wakamwaga tena. Mara ya tatu nikawaona nusu nusu, kama watu walio chini ya ziwa, na nikaanza kufikiri huenda kweli niko kule wanakomwaga, na ndiyo maana siyapati.

Mke wangu alikuja kuuliza nani anamaliza maji ya kupikia. Aliponiona na lile koti hakupiga kelele. Alinifungua vidole, akaitazama ile mitetemo. Akaniuliza kama nimemeza dawa. Nikatikisa kichwa kukubali. Akageuka.

"Shangazi, huyu si marehemu. Huyu ni mume wangu, na anakufa."

Shangazi aliichukua kata, akanitazama mimi, akayatazama maji. Sijui alipima nini. Kisha akasema, "Basi mchukue, kabla mwenzake hajamvuta."

Walinipakia kwenye gari la jirani hadi hospitali mjini, nikatundikiwa maji ya chumvi siku kadhaa, damu ikipimwa kila mara. Nilipopata akili yule binti daktari alinigombeza, kisha akanieleza. Lithiamu na chumvi ni kama ndugu, alisema, zinafanana sana. Figo ikiona chumvi imeadimika inaogopa, inang'ang'ania kila kinachofanana nayo. Ikaishika dawa ikidhani ni chumvi. Dawa ikajaa kwenye damu, ikapanda kichwani, ikavuruga zile seli zinazoongoza mkono, ulimi na mguu. Nikamuuliza, na kule mlangoni? Akasema kuchanganyikiwa ni dalili mojawapo. Akaandika kitu, hakuniangalia.

Sasa navaa shati la mikono mirefu, mtetemo kidogo umebaki. Spoku bado nakaza.

Mwaka ulipotimia tulikutana tena pale nyumbani kumkumbuka kaka, na siku hiyo pia wafiwa hawaonji chumvi. Shangazi aliniwekea bakuli langu peke yangu, akatia chumvi kwa mkono wake mbele ya watu wote, yeye ambaye hajawahi kuvunja mwiko. Halafu akachota maji kwa kata ileile. Nikanyoosha mkono. Hakunipa. Alinitazama sana kwa macho yake yenye ukungu.

"Kwanza niambie," akasema, "wewe ni nani?"

Nikataja jina langu. Nilitaja taratibu, silabi kwa silabi, maana hata mimi nilikuwa nasikiliza.