Ubalozi Mdogo Kwenye Kona ya Seng'enge

Sikuondoka Kitengela kwenda kutalii. Niliponzwa na mdomo wangu. Mimi ni mwalimu wa historia, Mbukusu wa nyumba ya kukodi, na muhula huu klabu yetu ya shule ilipewa kuigiza kikao cha Umoja wa Mataifa. Wanafunzi wangu walipangiwa kuwa Bolivia na Chile. Nikaanza kusoma habari za nchi hizo ili nisiaibike mbele ya watoto, na baada ya wiki moja nilikuwa siwezi kunyamaza. Kila aliyeketi karibu nami na kikombe cha chai alisimuliwa jinsi majirani hao wawili, wote wasemaji wa Kihispania, walivyopigana karne ya kumi na tisa hata Bolivia ikapoteza pwani yake yote. Alisimuliwa jinsi mwaka 1962 walivyogombania maji ya mto Lauca, mabalozi wakafunga mizigo wakarudi makwao. Mwaka 1975 walitumwa tena, na 1978 wakaondoka tena. Miaka ikapita, kiti cha balozi kikabaki bila mtu.

Siku moja mwanafunzi aliniuliza, "Mwalimu, kama hakuna balozi, Mbolivia akifia Chile, nani anarudisha mwili nyumbani?" Nilimjibu haraka kwamba kuna balozi mdogo, yule wa mambo ya pasipoti na misiba, na kwamba nchi hizo hazikufunga ofisi zake hata zilipogombana. Kisha nikarudi kwenye vita na mikataba, mambo niliyoyaona makubwa.

Aliyenivumilia kuliko wote ni Nasieku, mwalimu wa bayolojia na rafiki yangu. Siku hiyo aliweka kikombe chake mezani.

"Hiyo Bolivia yako mimi naijua," akasema. "Ni kwetu."

Akanieleza. Mama yake, ambaye sote tunamwita Yeyo, anaishi mbele ya mji wa Kajiado, upande wa kwenda Namanga. Ardhi ya pamoja ilipogawanywa, silanga, yaani bwawa la kunyweshea mifugo, liliangukia kwa jirani yao, Mzee Lemayian. Haikuwa shida. Ng'ombe wa Yeyo waliendelea kupita hadi msimu mmoja walipoingia kwenye mahindi ya Mzee na kuyamaliza. Mzee alipokuja kulalamika, Saruni, kaka yake Nasieku, alimjibu maneno ambayo Nasieku hakutaka kuyarudia. Seng'enge ikanyoshwa. Wazee walitumwa mara mbili kupatanisha, lakini pande mbili zikatukanana, na wazee wakakoma.

Sasa ni kiangazi. Ng'ombe wakubwa wa Yeyo wanatembea hadi kisima cha barabarani, lakini ndama hawafiki. Wanategemea maji anayobeba punda mmoja mzee. Ndama wawili walikuwa wamekufa. Yeyo alikuwa ameamua kuuza ng'ombe wote kwenye soko la Bissil na kuhamia Kitengela kwa binti yake, ghorofa ya tatu.

"Yeyo kwa ghorofa," Nasieku akasema, na machozi yakamlengalenga. "Atakuwa anaangalia nini? Matangi ya maji? Wewe si mtu wa kwao, si mtu wa kwetu, na unajua mambo ya mabalozi. Enda tu uongee na huyo mzee."

Nilikubali kabla sijafikiri, kama kawaida yangu.

Jumamosi asubuhi, Kitengela. Tulipanda gari la Namanga tukakaa upande wa dirisha. Nasieku alinifundisha jinsi ya kujua umbali bila kutazama vibao: tazama nyua. Kitengela ni kuta za mawe zenye vipande vya chupa juu. Ukitoka kidogo unaanza kuona mabati, kisha nguzo na seng'enge, na mbele zaidi ni miiba iliyokatwa na kupangwa. Nilikuwa nimeishi hapo miaka mingi na sikuwa nimewahi kuona kwamba kila mtu kwenye barabara hiyo amejizungushia kitu.

Isinya tulishuka kununua sukari, majani ya chai na mkate. Nilimwambia Nasieku hotuba niliyopanga kumpa Mzee Lemayian. Alisikiliza huku akitafuna andazi, kisha akasema ni nzuri lakini ni ndefu. Sikuipunguza hata neno moja.

Adhuhuri, Kajiado mjini. Upepo ulikuwa ukivuta vumbi jekundu na mifuko hadi mlangoni mwa maduka. Tulichukua bodaboda mbili, tukaacha lami, tukapita mabonde makavu ambako mbuzi walisimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani ya mgunga.

Alasiri, kwa Yeyo. "Takwenya!" nilimsalimu Kimaasai, maana hiyo ndiyo salamu ninayoiweza, na yeye akaitikia "Iko!" huku akicheka matamshi yangu. Ni mama mwembamba, mwepesi wa kucheka. Alituletea chai, akaomba radhi kwamba maziwa ni kidogo. Pembeni mwa boma ndama mmoja alikuwa amelala kwa ubavu, na kila Yeyo alipoinuka kwenda ndani alimgusa ndama huyo shingo akipita. Nilijua kwa kumwangalia kwamba mtu huyu akipelekwa ghorofani hatamaliza mwaka. Usiku huo niliomba Mungu anipe maneno.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa. Nilikuwa nimesikia kwamba Wamaasai hushika nyasi mbichi wakitaka amani, nikazunguka boma zima nikitafuta. Wapi nyasi, na kiangazi kile? Kitu kibichi pekee kilikuwa mboga za Yeyo, sukuma wiki, zilizopandwa kwenye gunia na kumwagiliwa maji ya kuoshea vyombo. Nikachuma fungu moja, nikalishika mbele ya kifua na kuvuka peke yangu kupitia barabarani hadi kwenye geti la jirani.

Mzee Lemayian alikuwa uani akichonga mpini wa jembe. Nilijitambulisha kuwa mwalimu mwenzake Nasieku. Alinitazama, akatazama mkono wangu.

"Karibu, Mwalimu. Hii ni nini umenibebea?"

"Ni ishara ya amani, Mzee."

"Hii ni sukuma."

"Nyasi hakuna."

Alicheka hadi akaweka panga chini. "Mama Resiato!" akamwita mke wake. "Kuja uone! Amani imefika, na iko na mashimo ya wadudu!"

Mama Resiato alitoka jikoni, akaipokea ile mboga kwa mikono miwili bila kucheka, akanipa kiti. Nikaona nimepata nafasi. Nikatoa hotuba yangu yote: ujirani mwema, haki ya maji, watoto wa kesho. Bolivia na Chile nikazitia pia, na bahari iliyopotea.

"Hao Bolivia walirudishiwa bahari?" Mzee akauliza.

"Hapana, Mzee. Walienda hadi mahakama ya kimataifa, wakashindwa."

"Sasa unaona." Akaokota panga lake. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini mahindi yangu ilikanyagwa, nikanyamaza. Nikaenda kuongea kama mtu mzima, nikatukanwa mbele ya bibi yangu na kijana ambaye ni mimi nilimpatia jina. Mimi! Siku alizaliwa. Hilo jina siiti tena. Rudi uambie wenye wamekutuma hapana."

Nilisimama. Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nimekuja kuzungumzia maji na mtu aliyeumizwa na neno. Balozi mzima nilikuwa nimefukuzwa kabla chai haijaiva.

Nilipofika pembeni mwa nyumba, Mama Resiato alinishika kiwiko. "Kama unarudi kwa Ng'oto Nasieku," akasema, akimtaja Yeyo kama mama wa Nasieku, "ngoja twende na huyu." Alikuwa na mbuzi jike mwekundu amefungwa kamba. Alinionyesha sikio lililokatwa ncha. "Si wetu. Hiyo ni alama yao. Jana alipita chini ya waya."

"Na mnawarudishia?"

Alinitazama kama nimeuliza kama huwa wanaoga. "Mbuzi hana kesi na mtu, Mwalimu."

Tukatembea hadi kona ya mbali ya seng'enge. Hapo waya wa chini ulikuwa umeinuliwa na kufungwa kwa kipande cha leso, na ardhi chini yake imelainika kwa kupitwa. Upande wa pili Yeyo alikuwa ameshafika na kusimama, kwa maana mbuzi akikosekana jioni yeye anajua pa kumngojea asubuhi. Mbuzi akasukumwa chini ya waya. Yeyo akauliza goti la mwenzake linaendeleaje. Mama Resiato akasema Resiato amejifungua msichana. Yeyo akashika mdomo kwa furaha, akavua shanga ya mkononi, ikapita katikati ya waya kwenda kwa mtoto.

Nilisimama hapo kama mjinga. Tangu seng'enge iliponyoshwa, familia hizi hazisali hata kanisa moja, na wakati huo wote hawa mama wawili walikuwa wakirudishiana mbuzi na kupeana habari za wagonjwa. Nilikuwa nimemweleza mtoto darasani jambo hilihili kwa pumzi moja, nikalipita. Mabalozi wakubwa walirudi nyumbani, lakini ofisi ya balozi mdogo haikufungwa.

Niliwaeleza papo hapo, nusu nikicheka nusu nikilia. Waliniachia nimalize.

"Kwa hivyo mimi ndio balozi?" Mama Resiato akauliza.

"Mdogo," Yeyo akamwambia, wakacheka wote.

Kisha nikauliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: ni kitu gani kidogo kabisa ambacho Mzee hawezi kukataa bila kujionea aibu mwenyewe? Yeyo aligeuka akatazama upande wa boma lake. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ndama. Ni ndama tu."

Mama Resiato hakuahidi kitu. Alichukua kamba yake akaenda.

Saa tisa hivi mchana, tukijiandaa kuondoka, tulimwona Mzee Lemayian akija upande wake wa seng'enge na koleo la kukatia waya mkononi. Yeyo, Nasieku na mimi tukaenda hadi kona. Hakutusalimu. Alikata waya wa chini na ule wa pili, akakunja ncha zake nyuma ili zisichome.

"Ndama," akasema. "Mbuzi na ndama. Ng'ombe mkubwa nikimwona huku, nafunga."

"Tumesikia," Yeyo akajibu.

"Na mwambie Mwalimu ile mboga ilikuwa tamu." Nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka kwake.

Wa kwanza kupita alikuwa yule ndama aliyekuwa amelala kwa ubavu. Yeyo alimsukuma kwa goti, akapita, akanusa upepo, akaanza kutembea kuelekea silanga bila kuonyeshwa njia.

Jioni, njiani kurudi. Nyua zilijipanga kinyume: miiba, seng'enge, mabati, mawe. Nasieku alilala begani mwangu kuanzia Isinya. Kesho yake nilimwita yule mwanafunzi, nikamwomba asimame atuulize tena swali lake, na safari hii nikampa kipindi kizima. Nilichojifunza ni hiki: pale wakubwa waliponuniana, usikimbilie mlango mkubwa. Tafuta kwanza ni wapi watu hawajaacha kurudishiana mbuzi.

Wiki kadhaa baadaye Yeyo alipiga simu. Hajauza ng'ombe hata mmoja. Mvua kidogo imenyesha na ndama wamekua, wakaanza kukwaruza mgongo kwenye waya wakipita. Mzee Lemayian aliliona hilo, akaja tena na koleo kukata waya wa tatu. Siku hiyo Saruni alikuwa nyumbani, ametoka Kiserian kwenye kazi yake ya machimbo ya mawe. Hakuna aliyemtuma. Alienda mwenyewe hadi kona, akainama, akashika waya uliokazwa ili usimrukie mzee usoni ukikatika.

Yeyo anasema Mzee alisimama muda mrefu na koleo wazi, akimtazama.

"Shika vizuri, Saruni," akasema, akakata.