Mgeni Aliyetuita Shambani

Juzi kampuni moja inayonunua pamba ilituita semina, sisi wakulima wa Adungosi. Kijana mmoja mpole, suti imemkaa, akatueleza habari za utumwa wa siku hizi. Ati kampuni lazima ijue kila mkono ulioshika pamba kabla haijawa shati. Akauliza, "Mtajuaje kama jirani yenu anafanyisha mtu kazi kwa lazima?" Mimi hata sikuwa pale tena. Nilikuwa nimerudi kwa mama mkwe wangu, miaka ile ya sabini, nikinusa ajono ikichachuka.

Ajono ni pombe yetu ya wimbi, na ndiyo iliyokuwa ikilima mashamba yetu. Ukizidiwa na kazi, unapika pombe, unaita majirani. Asubuhi wanakulimia, jua likipanda wanazunguka chungu, kila mtu na mrija wake mrefu, maji ya moto yanaongezwa, na vicheko vinafika barabarani. Kesho mwenzako akiita, nawe unaenda. Usipoenda, hakuna atakayekugombeza. Ila siku yako ikifika utakaa na chungu chako peke yako, ukifukuza nzi. Jamani, nazikumbuka asubuhi zile hadi moyo unauma! Siku hizi kila mtu na lake, tunasalimiana kwa simu.

Mimi nilikuwa nimetoka Busia mjini, binti wa sokoni, bibi arusi asiyejua jembe. Mama mkwe alinicheka mchana kweupe. "Wewe, unalima au unasonga ugali?" Lakini alinipenda, na mimi nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Jirani yetu mmoja alikuwa na pamba kutushinda sote. Tulimwita mzee, ingawa hakuwa na mvi hata moja. Pesa nayo huzeesha. Miaka ile Uganda kulikuwa hakukaliki, watu wakivuka Malaba na chochote walichoweza kubeba. Mama mmoja, mshonaji wa nguo, alivuka na cherehani yake kichwani. Mzee akampa mahali pa kulala, na hata kanisani tukamsifu. Siku ya tatu akatuambia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," tukacheka, maana ndivyo isemwavyo.

Yule mama akashika jembe, na hakuliweka chini tena. Cherehani ilifungiwa stoo kwa mzee, ati isiibwe. Kila alipoomba aende Busia akatafute veranda ya kushonea, aliambiwa asubiri palizi iishe. Palizi ikaisha, akaambiwa asubiri pamba ichumwe. Kisha mzee alikuwa akiongeza, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba askari wanaulizia watu wasio na karatasi, na kuvushwa kurudi ni jambo la dakika. Mama wa watu alijibu, "Kale, ssebo." Kwao ni kusema sawa, bwana. Ukimtuma, kale ssebo. Ukimwonea, kale ssebo. Tulidhani hana neno lingine.

Siku moja tulikuwa tukimlimia jirani mwingine, na mama mkwe, katika utani wake, akamuuliza yule mama, "Na wewe dada, lini utatuita? Tumekaa sana bila kuonja mkono wako." Yule mama akasimama, jembe mkononi, machozi yakamtoka. "Mama, niwaite kwenye shamba la nani? Hata cherehani yangu siioni." Akatueleza yote palepale.

Mama mkwe alirudi nyumbani akitembea mbio, jembe begani. Nikajua leo kuna mtu ataungua. Tulipofika jikoni akapiga sufuria kwa mwiko. "Kila tulipoita, mzee alimtuma huyu. Ametulimia sisi wote, na yeye hawezi kumwita mtu hata mmoja! Aliyefanywa hivyo si jirani. Huyo wazee wetu walikuwa na jina lake, na mimi silitamki nyumbani mwangu."

Akamkatia yule mama kipande cha shamba nyuma ya nyumba, kipande kibaya, kimejaa sangari, yale majani yasiyokubali jembe. Kina mama wakachanga wimbi. Hatari tuliijua: mzee akikasirika, angeweza kumpeleka mpakani siku hiyohiyo. Mama mkwe akamuuliza yule mama mwenyewe, akamwambia hakuna atakayemlaumu akikataa. Naye akasema ataita.

Nani wa kumpelekea mzee ujumbe? Mimi, bibi arusi! Nilisimama mlangoni kwake, nikabisha.

"Mgeni wako anaita watu wa kulima, mzee. Na wewe anakuita."

"Mimi? Nikamlimie yeye?"

"Kama alivyokulimia."

Sijui mdomo ule niliutoa wapi. Akaniambia nimwambie mama mkwe wangu aache mzaha, akafunga mlango.

Mawingu yalikuwa yameanza kurundikana upande wa mlima Elgon, na pamba yake ilikuwa bado shambani, imefunguka, ikingoja mkono wa mwisho. Mvua ikiipata, imeharibika. Alikuwa ametuita sote tukaichume siku inayofuata ile ya mgeni, na kila mtu alijua: mzee asipofika kwa mgeni, kwake hatafika mtu. Na kwenye stoo ya ushirika, ambako kina mama ndio waliokuwa wakichambua pamba kabla lori la kiwanda halijaja, mama mkwe alishasema wazi kwamba pamba iliyolimwa na mtu aliyefungiwa cherehani haitachanganywa na yetu.

Siku ikafika, tukajaa. Yule mama alishika laini ya mbele, akilima na kuchungulia barabara, akilima na kuchungulia. Aliogopa mzee atakuja na askari, na sisi tuliogopa pia. Jua likapanda, tukasikia kengele ya baiskeli.

Alikuja peke yake. Begani jembe, na kwenye keria, ile cherehani imefungwa kwa mpira wa tyubu. Hakuna aliyemsalimia. Mama mkwe akamwonyesha kwa kidevu laini yenye sangari kuliko zote, naye akainama akalima mpaka shati likamganda mgongoni. Nusura nimwonee huruma, nusura tu.

Kwenye chungu, aliyeita ndiye anayegawa mirija. Lakini yule mama alianza na cherehani. Aliifuta kwa kanga, akazungusha gurudumu, akasikiliza. Ilizunguka vizuri. Ndipo akachukua mirija akatugawia, hata mzee akapata wake kama sisi wengine, maana alikuwa amelima.

Mzee akavuta, akameza, akatazama mawingu. Kisha akasema kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Mama, kesho utakuja kunisaidia kuchuma? Mvua hiyo inakuja." Tangu yule mama avuke mpaka, mzee alikuwa hajamwita mama. Alikuwa akimwita wewe.

Nilishasikia kichwani jibu lake, lile lile la siku zote.

"Hapana, ssebo," akasema, akageuka kumpa mrija mtu aliyefuata.