Swichi ya Mama Zima

Shangazi yangu ni mkunga mwenye kliniki yake ndogo, na wafanyakazi wake humwita Mama Zima. Tangu waya mmoja uungue na kuchoma mapazia ya wodi, yeye ndiye hufunga mlango jioni, na hafungi kabla hajashusha swichi kuu. Juu ya swichi amebandika karatasi: WA MWISHO KUTOKA AZIME. Friji ya chanjo pekee ndiyo yenye waya wake.

Basi serikali ikatoa kanuni kwamba taarifa za wagonjwa zihifadhiwe ndani ya mipaka ya nchi. Za kwetu, za kila mama na kila mtoto aliyezaliwa pale, zilikuwa kwenye kompyuta za kampuni moja ng'ambo. Zisiporudi kufikia mwisho wa mwezi, leseni imekwenda na maji. Wenzake kadhaa walikata tamaa wakafunga. Shangazi aliniambia, mimi ninayemtunzia kompyuta, kwamba labda afungwe yeye, siyo kliniki. Akauza gari, tukanunua seva, tukaiweka chumba cha dawa.

Kunakili kulihitaji mchana na usiku, na kukikatika kunaanza upya. Kukawa kunakatika! Kila asubuhi nafika, nakuta tumerudi mwanzo. Niliwapigia wale wa ng'ambo nikawapasha hasa. Shangazi akaninyang'anya simu akaongeza ya kwake. Wakatujibu kwa upole wa kuudhi kwamba tatizo liko kwetu.

Siku moja alikuwa anapanga chanjo, nikamuuliza kama haziharibiki anapozima umeme jioni.

"Friji si ina waya wake," akasema.

"Na seva je, shangazi?"

Akashika kiuno. Kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi kicheko hakikunijia kabisa, maana mwezi ulikuwa unakatika.

Fundi umeme wa kuipa seva waya wake alisema atakuja kesho, na kesho ya mafundi tunaijua. Shangazi akahamishia kiti chake chini ya swichi, usiku na mchana, asije mtu akaizima. Anakwenda kuzalisha, akirudi anakaa pale pale.

Afisa wa ukaguzi alifika siku ya mwisho, faili chache zikiwa bado. Alisubiri mpaka jioni, wauguzi wakaondoka, akachoka. Akasema saa za kazi zimekwisha, twende. Akaisoma ile karatasi, na kwa utiifu wake wote akanyoosha mkono kuzima. Shangazi alimchapa kofi mkononi.

"Mama, unajua unampiga nani?"

"Nakujua. Ndiwe wa serikali iliyoniambia nisimwache nje ya nchi hata mtoto mmoja. Kaa, baba, wamebaki wachache."

Nilijua tumekwisha. Lakini akakaa, akikuna mkono.

Faili zilipokamilika, afisa alichomoa waya wa intaneti mwenyewe, akataja jina la mama mmoja. Shangazi akampata papo hapo, na mtoto wake, na uzito aliozaliwa nao. Afisa akagonga muhuri kwa mkono uleule uliochapwa, akatuonya kwamba seva isizimwe hata usiku.

Shangazi akaibandua karatasi yake, akafunga mlango, taa zote zikiwaka ndani. Hatukufika mbali, akasimama akageuka.

"Nishike mkono twende," akasema. "Unaniwasha."

Nikamshika.