Bima ya Mkwe Wetu

Mke wa mwanangu alipopata nafasi ya chuo cha ualimu, furaha ilikaa nyumbani kwetu siku moja tu. Kesho yake tukaanza kubishana juu ya matibabu. Karatasi ya chuo ilisema kila mwanafunzi aje na bima yake, au ajiunge na mfuko wa chuo, na asiye na kimojawapo asijisumbue kupanda basi. Ndivyo mambo yalivyokuwa yameanza kwenda. Matibabu ya bure yalikwisha, wanunuzi wa kakao walikuja na mizani zao wenyewe, sabuni za Malawi zilijaa sokoni, na kila kitu kikawa na bei na wakala wake.

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo haya yachukuliwe kama yalivyoonekana kwa macho yangu. Mume wangu angesimulia vingine, na mkwe pia.

Kilichotutisha kilikuwa pumu. Mkwe wetu alikuwa nayo tangu utoto. Huku kwetu kwenye joto, upande wa Itungi, ilimshika mara chache, lakini chuo kilikuwa juu milimani, kwenye baridi na ukungu, na sisi tulishamwona akishikwa. Alasiri moja ya mvua nilikuwa kwenye mpunga, mwanangu yuko safarini, na mkwe alikuwa peke yake nyumbani kwake, hatua chache kutoka kwetu. Mume wangu alikuwa uani anachonga mpini wa jembe, akasikia kifua kikipiga mluzi mle ndani. Sasa kwa mila yetu Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Hawasalimiani, hawakai chumba kimoja, na huyu akipita yule anajificha. Basi mzee akasimama nje ya mlango akiita majirani kwa sauti yake yote, kuingia hawezi, kuondoka hawezi. Majirani walipompakia mkwe kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, yeye alifuata nyuma kwa mbali, akasimama kwenye migomba ya watu mpaka alipoambiwa amepata nafuu. Nilipomkuta bado alikuwa na ule mpini mkononi.

Nimeliandika hilo ili mtu asidhani mume wangu alikuwa na moyo mgumu. Mimi mwenyewe baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi tu. Alikohoa akikaribia uani, nami nikatokea mlango wa nyuma. Sikuona kuwa ni mateso. Labda nilipaswa kuona, sijui.

Mwanangu, aliyekuwa akivuka mto Songwe na mizigo kwenda Karonga, Malawi, na kurudi, ndiye aliyetuletea habari za bima. Mfuko wa chuo ulikuwa na gharama ndogo, lakini ulilipia zahanati ya chuo peke yake, na ugonjwa ambao mwanafunzi amekuja nao kutoka nyumbani haukuhusika. Mpango mwingine ulikuwa wa hospitali za kanisa. Kaya nzima inaandikishwa kwenye kadi moja, na aliye kwenye kadi anatibiwa katika hospitali yoyote ya kanisa hilo, iwe huku chini au kule juu, kwa ugonjwa mpya au wa zamani. Huo ulikuwa ghali.

"Wa chuo unatosha," mume wangu akasema. "Wenzake wote watakuwa kwenye huo."

"Wenzake wote wana pumu?" nikamuuliza.

Baadaye, tukiwa tunakula, akasema, "Kakao ya msimu huu iende kwenye kadi." Namshukuru kwa hilo, maana kakao hiyo alikuwa ameipangia mabati, na paa letu lilikuwa linavuja upande anaolala yeye.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe kadi ilitaka picha. Picha moja, kaya yote pamoja, mkuu wa kaya katikati.

"Baba, picha ni dakika moja," mwanangu alimwambia. "Dunia imebadilika."

"Mimi sina neno," mume wangu akajibu. "Ila sitaki mtoto wa watu aaibike mbele yangu. Kamuulize yeye."

Nilikwenda kumuuliza mimi. Alikuwa anapepeta mchele, akaacha ungo.

"Mama, nitawezaje? Nisimame karibu na tata?" Tata, yaani baba, ndivyo alivyomwita mzee.

Mume wake, aliyekuwa amenifuata, akacheka. "Huko chuoni utafundisha umejificha nyuma ya ubao?"

"Ubao hauna baba mkwe," akamjibu.

Nilitaka kumwambia kwamba kuna nyumba siku hizi baba anampa mkwe zawadi na mambo yanalegezwa. Sikumwambia. Niliona si juu yangu kumsukuma, na si juu yangu kumsukuma mume wangu, na hapo ndipo nilipokosa la kufanya, kwa sababu chuo kilikuwa kinafunguliwa wiki iliyofuata.

Mwisho tulikwenda studio mjini Kyela, sote sita: mimi na mzee, mwanangu na mkewe, na mabinti zangu wawili wadogo. Nyuma yetu kulikuwa na pazia lililochorwa ndege. Mkwe alisimama ukingoni kabisa, nyuma ya bega langu, kanga imepanda mpaka kwenye nyusi. Mzee alikaa kwenye kiti katikati.

"Dada wa pembeni, shusha kanga, hapa si msibani!" mpiga picha akapiga kelele. "Mzee, na wewe fumbua macho!"

"Yako wazi," mzee akasema, huku ameyafumba.

Mpiga picha alichoka nasi, akapiga. Picha ilivyotoka ndivyo tulivyoipeleka hospitali, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyethubutu kusema haifai. Karani wa dirishani alikuwa kijana mgeni, kwao mikoa ya mbali. Akaiinua kwenye mwanga.

"Mzee amelala," akasema. "Na huyu aliyefunikwa ni nani? Mnataka tutibu kanga?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Mkwe akainamisha kichwa. Nilikasirika, lakini nilipomweleza sababu, yule kijana aliacha mzaha.

"Nakuelewa, mama. Lakini daktari wa kule juu atamtambuaje huyu binti? Atasema kadi si yake, nanyi hamtakuwepo kumtetea."

Alikuwa sahihi, na ni haki niseme hivyo. Nilimwona akilini mkwe wangu usiku wa baridi, mlangoni kwa watu asiowajua, pumzi haitoki, ameshika kadi isiyo na sura yake. Nikamuuliza yule karani kitu ambacho hadi leo sijui nilikitoa wapi.

"Mwanangu, mkuu wa kaya lazima awe mwanamume?"

Akafungua kitabu cha masharti, akasoma kimoyomoyo, akarudia.

"Hapa wameandika mtu mzima," akasema. "Lakini nikikuandika wewe na mzee asipigwe picha, hawezi kubaki. Aliye kwenye kadi lazima aonekane kwenye picha."

Mume wangu alikuwa nje barazani, kwa sababu mkwe alikuwa ndani. Nilimfuata. Nilizunguka maneno kwanza, kisha nikayasema yote.

"Kwa hiyo unanizika kabla sijafa," akasema.

"Tuache basi. Tutatafuta njia nyingine."

"Njia ipi?"

Niligeuka kutazama foleni.

"Andika wewe," akasema.

"Na mgongo wako? Si juzi tu ulishindwa kuinama?"

"Mgongo huu haukuanza leo. Mimi nikiugua niko hapa, nina ndugu, nina miche ya kakao, nitauza kitu. Yeye akibanwa kule juu atauza nini? Nenda, mama, dirisha litafungwa."

Nimelifikiria sana hilo. Kuna siku naona nilimnyang'anya mzee matibabu yake na kiti chake, vyote kwa mpigo. Kuna siku naona alitoa mwenyewe, na kukataa kungekuwa kumdharau. Siwezi kuamua, na sidhani kuna mtu wa kuniamulia.

Tulirudi studio bila yeye. Mkwe alisimama pembeni yangu, uso wazi, akatazama mbele kama mtu anayeulizwa swali analolijua. Kadi ikatoka. Alipanda basi na koti la mume wake na kadi ndani ya mfuko wa koti, nami nikaanza kuhesabu mawazo mabaya: kadi itakataliwa kwa sababu mkuu wa kaya ni mwanamke, itaibiwa, italowa mvua. Mzee naye kila basi la kutoka juu lilipopita barabarani aliacha kazi na kulitazama.

Mwanangu alikwenda kumtembelea mkewe katikati ya muhula. Aliporudi alinikuta jikoni, akaanza kusimulia hata mzigo hajautua. Asubuhi moja ya ukungu pumu ilimshika kweli darasani. Gari la chuo lilimkimbiza hospitali ya kanisa, muuguzi akaitazama kadi, akamtazama usoni, akampeleka moja kwa moja kuwekewa hewa. Alilazwa, akatoka, akarudi darasani. Hakudaiwa chochote.

Nilikaa chini kwenye kigoda. Mikono ilikuwa na unga, nikafunika nayo macho hivyohivyo.

Mzee alikuwa nje ya ukuta. Kwa mila hawezi kumtaja mkwe kwa jina, na si kawaida yake kuulizia habari zake. Alikohoa, kisha akauliza kupitia dirishani.

"Anapumua?"

"Anapumua, baba," mwanangu akasema. "Anacheka. Amenenepa."

"Ndaga," mzee akasema. "Ndaga fijo." Ahsante sana, ila sikujua alikuwa anamshukuru nani.

Aliingia, akaomba maji, akayanywa yote kwa mkupuo mmoja. Akanirudishia kikombe.

"Mwakani," akasema, "tukalipie mapema. Ile foleni ni ndefu."